Iliyobaki Iko Wapi?

Nilipokuwa na miaka 12 nilitumbukiza vidole viwili katika beseni ambalo sikuruhusiwa hata kulisogelea. Ilikuwa Ujiji, nyuma ya nyumba ya Mama Mkubwa, chini ya mwembe uliokuwa ndiyo karakana yake ya sabuni. Yale maji yalionekana maji tu, maangavu, yametulia, hayana harufu. Nilivisugua vidole, nikastaajabu jinsi vilivyolainika. Viliteleza kama nimeshika bamia iliyochemshwa. Hapakuwa na maumivu yoyote. Nikamwita kwa furaha aje aone.

Mama Mkubwa hakuja kuona. Alinikamata kiwiko, akaniburuta hadi kwenye pipa, akanimiminia maji kata baada ya kata, hata nikadhani ananiadhibu. Alinyamaza muda wote ule. Mkono ulipokuwa umepoa kabisa ndipo aliponiuliza:

"Unajua ule utelezi ulikuwa nini, mwanangu?"

"Kostiki, Mama."

"Ulikuwa wewe. Mafuta ya vidole vyako yalishaanza kugeuka sabuni."

Zaidi ya miaka 30 imepita, nami nimesoma kemia kidogo hapa na pale, lakini sijakutana na mwalimu aliyelieleza jambo hilo vizuri kumshinda yeye. Ngozi ya mtu ina mafuta. Kostiki ikikutana na mafuta huyavunja na kuyafanya sabuni, nayo haibagui kama ni ya mawese, ya nazi, ya ng'ombe au ya kidole cha mtoto. Na kwa kuwa huanza kazi yake kwa ulaini, mtu huchelewa kuutoa mkono. Asidi kali huuma papo hapo, na nyama iliyoungua huganda ikawa kama gamba linaloizuia isizame zaidi. Alkali kali huiyeyusha hiyo nyama yenyewe, ikajifungulia njia, ikaendelea kuteremka hata baada ya mwenye mkono kudhani yamekwisha.

Mama Mkubwa alikuwa na swali moja aliloliuliza kila siku ya kupika sabuni, jua linapotua na vyombo vimeshaoshwa. "Iliyobaki iko wapi?" Alikusudia kostiki. Mfuko uliofunguliwa umefungwa tena? Maji yake yaliyosalia yako katika chombo gani, na chombo hicho kiko mahali gani? Aliyeulizwa hakuruhusiwa kujibu kwa mdomo. Alitakiwa anyanyuke, aende, aonyeshe kwa kidole. Utotoni nilidhani ni ubahili wa mfanyabiashara anayehesabu mali yake.

Madukani huitwa kostiki soda, au kostiki basi. Kwenye vitabu vya shule ni haidroksaidi ya sodiamu. Huja katika mifuko ya kilo 25, ikiwa vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya samaki. Neno kostiki lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kinachounguza. Neno alkali limetoka kwa Waarabu, al-qali, majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi. Nayapenda majina hayo mawili yakikaa pamoja, kwani moja linataja inachokifanya na jingine linataja ilikotoka.

Iache wazi usiku mmoja, nayo hutoa jasho. Huvuta unyevu wa hewani mpaka kila kipande kikalowa, kisha kikaanza kuyeyuka katika maji iliyojivutia yenyewe. Itie ndani ya maji, nayo huyapasha moto bila jiko, hata ndoo haishikiki. Ndiyo maana fundi huimwaga kostiki katika maji, kidogo kidogo, huku akikoroga na uso wake ameuweka mbali. Anayefanya kinyume chake, akamwaga maji juu ya kostiki, yale maji machache ya kwanza huchemka kwa ghafla na kumrukia.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua asili yake kwa karibu, kwa maana wazazi wake wote wawili wamo majumbani mwetu. Kabla ya viwanda kutumia umeme, kostiki ilipatikana kwa kukutanisha magadi na chokaa. Chemsha maji ya magadi, tia chokaa iliyokwisha kuzimwa, koroga. Chokaa huyanyang'anya magadi ile hewa ukaa iliyofungwa ndani yake, kisha hutuama chini ikiwa unga mweupe wa chaki. Maji yanayosalia juu ndiyo kostiki.

Chokaa ni ya mwambao. Matumbawe yalichomwa kwenye matanuri ya magogo, na kwa chokaa hiyo zikainuliwa kuta za Kilwa Kisiwani, za Gedi na za Lamu; na chembe ya chokaa ndiyo inayopakwa kwenye jani la tambuu kabla ya kuwekwa popoo. Magadi ni ya bara. Yako Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na yako Ziwa Natron upande wa Tanzania, pale heroe wadogo wanapozalia katikati ya maji ambayo yangewaunguza ndege wengine miguu. Wapishi wa makande hutia kipande ili maharage yaive upesi, na wazee wa ugoro huyasaga pamoja na tumbaku. Kila kimoja kwa upande wake kimeishi nasi kwa upole. Vikutanishwe chunguni, ndipo anapozaliwa mtoto aliye mkali kuliko wazazi wake.

Na ukiyafuata magadi hadi juu kabisa unafika kwenye mlima. Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, ndio volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya magadi. Mwanajiolojia J. B. Dawson alichapisha habari zake mwaka 1962. Lava ile ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, kama nusu ya joto la lava tulizozizoea kwenye picha. Hutiririka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, na ikishapata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe, hata mtu aliye mbali akadhani kileleni kuna theluji. Nimeutazama mlima huo mara moja tu, kutoka kijiji cha Engaresero, alfajiri, na nilichokifikiria ni beseni la Ujiji.

Mama Mkubwa alitumia mafuta ya aina mbili. Mawese mekundu yalimpa sabuni ngumu ya rangi ya chungwa, yenye povu haba. Mafuta ya mise, yale ya kokwa la ndani, yalimpa sabuni nyeupe yenye povu tele lakini inayoisha upesi. Aliyachanganya kwa kipimo alichokificha hata kwa wateja wake wa kudumu. Mama yake, yaani bibi yangu, hakuwa na kostiki. Alichoma maganda ya ndizi, akachuja maji kwenye majivu yake, akayapikia mawese. Sabuni yake ilikuwa laini kama uji mzito na iliuzwa kwa kuchotwa. Majivu ya mimea ya bara yamejaa potasiamu, na sabuni ya potasiamu haisimami. Mche mgumu, unaokatwa kwa waya na kupangwa dukani, ni kazi ya sodiamu.

Kila mafuta yana deni lake la kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hudai gramu 180 na ushei ili yote yawe sabuni, na mawese hudai gramu 140 na ushei. Mafundi wa leo husoma hesabu hizo kwenye simu. Mama Mkubwa alizisoma kwenye daftari lililolowa mafuta, mizani ya mawe ikiwa pembeni, na alikuwa na desturi ambayo baadaye niliikuta vitabuni: deni hakulilipa lote. Aliweka kostiki pungufu kidogo, ili kama kuna kitakachobaki, basi yawe mafuta.

Huko Ufaransa kulikuwa na mtu aliyetumia miaka zaidi ya 10 kuyachunguza mafuta. Michel Eugène Chevreul, katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, alieleza kwamba mafuta ni muungano wa gliserini na asidi za mafuta, na kwamba alkali huuvunja muungano huo, ikashikamana na hizo asidi na kuiacha gliserini iende zake. Sabuni basi ni kostiki iliyokwisha kushikwa. Katika mche uliopikwa vizuri na ukapewa muda wake, ile haidroksaidi iliyokula vidole vyangu haimo tena. Imetumika yote. Huwezi kuitoa tena sabunini kwa kuichuja wala kwa kuisaga.

Huo muda ndio uliokuwa mgumu kwa mtoto. Sabuni changa ilikatwa, ikapangwa juu ya vichanja chumbani, nasi tukakatazwa kuigusa kwa wiki 4. Kila baada ya siku kadhaa Mama Mkubwa aliingia, akachukua kipande, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Sabuni ambayo bado ina kostiki huuchoma ulimi kama betri. Alitema, akasukutua, akafunga mlango. "Bado," alisema, na hilo "bado" lake halikuwa na rufaa, hata kama mnunuzi alikuwa amesimama barazani na pesa mkononi.

Kiwandani habari ni nyingine. Leo karibu kostiki yote ya dunia hutokana na chumvi na umeme. Maji ya chumvi hupitishiwa mkondo wa umeme, yakatengana: upande mmoja hutoka klorini, upande wa pili haidrojeni na kostiki. Tani moja hula yuniti 2,000 na ushei za umeme, kiasi ambacho familia nyingi zinazonunua yuniti kwa simu haziwezi kukimaliza kwa mwaka. Lakini jambo lililonikalia moyoni nilipolielewa ni kwamba klorini na kostiki ni mapacha. Kila tani ya klorini huzaliwa pamoja na tani 1.1 hivi ya kostiki, na kwa njia hiyo hakuna namna ya kumzaa mmoja ukamwacha mwenzake. Mwenye kiwanda anayemtaka mmoja ni lazima amtafutie mwingine pa kwenda.

Klorini nyingi huenda kwenye plastiki ya PVC, ile ya mabomba ya maji na fremu za madirisha. Ujenzi ukidorora katika nchi kubwa, mabomba hayatakiwi, klorini inakosa mnunuzi, mitambo inapunguzwa kasi, na kostiki inaadimika kwa sababu pacha wake amekataliwa. Bei inapanda. Inapanda bandarini, inapanda Kariakoo, na siku moja inapanda Ujiji kwa mama ambaye hajawahi kununua bomba maishani mwake. Nilipokuwa mdogo nilimsikia Mama Mkubwa akimlaumu mwenye duka kwa kupandisha bei ya mfuko bila sababu. Yule mwenye duka naye hakuijua sababu. Wakati mwingine mapacha hao hukutanishwa tena kwa makusudi: klorini ikipitishwa katika maji ya kostiki hutoa ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe tunayoiita jiki.

Hapo ndipo swali la Mama Mkubwa linapokua, likatoka uani kwake na kuingia katika historia. Nicolas Leblanc, tabibu Mfaransa, aligundua njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, akapewa hataza mwaka 1791. Mapinduzi ya Ufaransa yakamnyang'anya kiwanda, zawadi aliyotarajia hakuipata, na mwaka 1806 akajiua. Njia yake ikahamia Uingereza na kuwatajirisha wengine. Ilikuwa na mabaki mabaya: wingu la gesi ya asidi lililotoka kwenye mabomba ya moshi, likakausha miti na kuunguza mazao ya majirani. Hatimaye, mwaka 1863, Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alkali, iliyowalazimisha wenye viwanda kuinasa asilimia 95 ya gesi ile kabla haijatoka nje. Naisoma sheria hiyo kama taifa zima lililochelewa kuuliza iliyobaki iko wapi.

Baada ya hapo ukaja umeme. Mwaka 1892 Mmarekani Hamilton Castner na Karl Kellner wa Austria, kila mmoja kwa njia yake, walipata hataza za mtambo uliotumia zebaki kutenganisha sodiamu na klorini. Kostiki yake ilikuwa safi mno. Zebaki iliyopotea njiani, tone kwa tone, ilikwenda mitoni na katika matope ya pwani. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, uliweka 2025 kuwa mwaka wa kuachana na mitambo hiyo. Ni miaka zaidi ya 130 tangu hataza zile.

Katika masharti ya uani kwetu lilikuwamo moja lisilokuwa na maelezo: kostiki haiingii kwenye sufuria. Inaingia kwenye plastiki, kwenye chungu, kwenye chuma cha pua kwa mwenye uwezo. Kwenye sufuria ya alumini, kamwe. Binamu yangu alilivunja sharti hilo mara moja tu. Sufuria ilianza kutoa mapovu kama inachemka, ikatoa mvuke mkali, na tulipoimwaga ilikuwa nyeusi, na kitako chake kimeliwa kikawa chembamba kama karatasi ya sigara. Mapovu yale yalikuwa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Alumini hulindwa na utando mwembamba sana wa oksaidi yake yenyewe, na kostiki huuyeyusha utando huo kwanza, kisha ikala metali iliyobaki uchi.

Sikujua wakati ule kwamba sufuria hiyo ilikuwa imerudi kwa iliyoizaa. Carl Josef Bayer, Mwaustria aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alipata njia katika mwaka 1888 ya kutoa oksaidi ya alumini kwenye udongo wa boksiti, na njia yake ni kostiki ya moto. Boksiti husagwa, ikapikwa katika kostiki chini ya shinikizo. Alumini huyeyuka, chuma na uchafu mwingine havikubali. Maji yakichujwa na kupoa, alumini hudondoka ikiwa unga mweupe, na kostiki hurudishwa kuanza upya. Karibu kila sufuria iliyopikiwa ugali leo katika nchi zetu ilipita humo. Tabia ile ile iliyoitoa kwenye udongo ndiyo iliyoila kitako uani kwa Mama Mkubwa.

Na kuna kisichokubali kuyeyuka. Ni tope jekundu, jekundu kwa sababu ya kutu ya chuma, na bado limelowa kostiki. Kwa kila tani ya oksaidi ya alumini hubaki zaidi ya tani moja ya tope hilo, nalo hurundikwa katika mabwawa makubwa kando ya viwanda. Tarehe 4 Oktoba 2010, karibu na mji wa Ajka huko Hungaria, ukuta wa bwawa la namna hiyo ulipasuka mchana. Meta za ujazo milioni 1 hivi ziliteremka juu ya kijiji cha Kolontár na mji wa Devecser. Watu 10 walikufa, zaidi ya 100 waliumia, wengi kwa kuungua ngozi walipokuwa wakijaribu kutoka majumbani mwao ndani ya kile walichodhani ni mafuriko ya matope. Katika mto Marcal karibu kila chenye uhai kilikufa. Wafanyakazi walimwaga jasi na asidi mtoni ili kuupunguza ukali kabla haujafika Danube.

Nilizitazama picha zake kwa muda mrefu: mstari mwekundu ukutani, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, ukionyesha tope lilifika wapi katika sebule za watu. Kilichoniumiza zaidi ni kule kudhani kwamba ni matope. Mwanzoni ni laini. Mwanzoni inateleza.

Nisionekane nimekuja kuishtaki. Nikiitoa kostiki katika siku yangu ya leo, siku yenyewe haisimami. Karatasi ngumu ya kahawia iitwayo kraft hutokana na mipaina iliyokatwa vipande na kupikwa katika kostiki na salfaidi ya sodiamu kwenye joto la nyuzi 170 hivi, mpaka ile gundi ya mti iyeyuke na nyuzi ziachane. Ile chupa ya soda tunayoirudisha dukani, yenye pete nyeupe za kuchakaa mabegani, huoshwa kwa kostiki ya moto kila inaporudi kiwandani, na ndiyo maana mdomo wangu hauogopi kuigusa baada ya midomo ya watu nisiowajua. Mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani huchemshwa ng'ambo katika alkali ili utoe ule utelezi unaoshikisha maziwa na dawa za meno. Na kanga. Mwaka 1844 huko Lancashire, mchapa vitambaa John Mercer alikuwa akichuja kostiki kwa kitambaa cha pamba, akaona kitambaa kimenywea, kimekuwa kizito na kimebadilika sura. Wengine wangekitupa. Yeye aliketi nacho, na mwaka 1850 akapata hataza. Miaka 40 baadaye Horace Lowe akagundua kwamba kitambaa kikivutwa kisinywee, hung'aa kama hariri na kushika rangi barabara. Uzi wa pamba ukiingia kwenye kostiki kali huvimba; ulikuwa bapa kama utepe, unakuwa mviringo, na mwanga unacheza juu yake. Akina mama wanaoijaribu doti dukani kwa kuisugua baina ya vidole wanaujua ulaini huo bila kujua jina lake.

Lakini nilianza na vidole, na kuna mtoto ambaye siwezi kuandika haya nikamruka. Ilikuwa mtaa niliokuwa nikipanga, Dar es Salaam, miaka mingi baada ya Ujiji. Jirani yetu alikuwa ameanza kutengeneza sabuni ya maji na ya mche, mama mchapakazi, msafi kupita wengi. Jioni moja maji ya kostiki yalimbakia kidogo. Aliona hasara kuyamwaga. Akayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, akaifunga, akaiweka chini ya meza. Mwanawe alikuwa na miaka 3 na alikuwa ametoka kucheza juani.

Jirani mwingine, kwa nia njema kabisa, alimtia kidole kooni ili atapike. Kilichokuwa kimeunguza kikishuka kikaunguza tena kikipanda. Hakuna aliyetufundisha kwamba hatapishwi. Hakuna aliyetufundisha kwamba siki na limau si dawa yake, kwamba hata ngozini na machoni kinachosaidia ni maji mengi yanayotiririka, kwa dakika nyingi kuliko mtu anavyodhani zinatosha, nguo zilizolowa zikiwa zimevuliwa, kisha hospitali. Mtoto alipona. Lakini umio ulioungua hupona kwa kovu, na kovu hujikaza. Miaka iliyofuata alipelekwa mara kwa mara kupanuliwa njia ya chakula, na nilimwona, akiwa darasa la pili, akila uji uliochujwa kwa kijiko cha chai huku wenzake wakigombania mihogo ya kukaanga. Mama yake aliacha sabuni. Hakuwa mzembe. Nasema hivyo kwa sababu mtaani walisema vingine.

Miaka mingi baadaye nilikutana na habari za Chevalier Jackson, daktari wa koo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1865. Wakati wake kostiki iliuzwa madukani kama sukari, kwa kuzibulia mabomba na kutengenezea sabuni za nyumbani, makopo yakiwa hayana onyo. Watoto waliletwa kwake wamekonda kama vijiti, umio umezibika. Alibuni mirija yenye taa ya kupitisha mdomoni, akajifunza kuifungua njia hiyo bila kisu. Katika kumbukumbu za maisha yake alimweleza msichana mdogo ambaye hakuwa ameweza kumeza hata maji. Alipozibuliwa akapewa glasi, akanywa funda la woga, likapita, akanywa jingine, kisha akaushika mkono wa daktari na kuubusu. Jackson angeweza kuishia hapo, akawa bingwa wa kuzibua. Badala yake alikwenda kwa wabunge, mwaka baada ya mwaka, na picha na takwimu zake, kudai jambo dogo: kopo liandikwe kwamba ni sumu, na liandikwe la kufanya mtu akiimeza. Sheria ilitiwa saini mwaka 1927.

Kila ninapoona kwenye gulio chupa ya maji ya kunywa yenye kitu kingine ndani yake, iwe mafuta ya taa, dawa ya mimea au kostiki, huwa nasimama. Namsalimu mwenye biashara, nanunua kitu ili asinione mchokozi, kisha naomba. Wengine hunisikiliza. Mmoja alinipa kalamu yake ya wino mzito akaniambia niandike mwenyewe, nikaandika SUMU pande zote mbili, na yule mama akaniambia niongeze na fuvu, kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Mwaka jana nilikwenda Ujiji. Mama Mkubwa hapiki tena, magoti yamemkataza. Kazi imeshikwa na mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha 4, anayetumia mizani ya betri na miwani ya plastiki na glavu zinazofika kwenye kiwiko. Nilimkuta Mama Mkubwa ameketi kitini mlangoni pa chumba cha vichanja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, utuone tulivyobaki."

Vichanja vilikuwa vimejaa. Juu ya baadhi ya miche palikuwa na vumbi jeupe, jepesi, kama mtu aliyepitisha unga kwa chekeche. Nilikishika kipande kimoja, nikamwonyesha.

"Hii nini?"

Alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Magadi," alisema.

Ni kweli tupu. Kostiki iliyo juu kabisa ya sabuni changa, ile isiyowahi kukutana na mafuta, hukutana na hewa. Hewa ina hewa ukaa, nayo kostiki huishika mara moja, ikageuka kuwa ile ile iliyotoka Magadi na Natron na kwenye kilele cheupe cha Lengai. Mabaki ya kostiki katika beseni lililosahauliwa hufanya hivyo hivyo, polepole, siku kwa siku, mpaka kunabaki ukoko mweupe usioweza kumla mtu kidole. Mama Mkubwa hakuwahi kusomeshwa haya. Alifuta lile vumbi kwa ncha ya kanga yake, akakigusisha kipande kwenye ulimi, akakaa kimya kidogo akisikiliza.

"Hii imekomaa," alisema, akanirudishia.

Nje, mjukuu alikuwa akisuuza ndoo. Alikuwa amepika asubuhi ile, na jua lilikuwa limeshaanza kuingia Ziwa Tanganyika. Mama Mkubwa alinitazama mimi, si yule binti.

"Iliyobaki iko wapi?"

Nikanyanyuka. Nilimuuliza binti kwa macho, naye akanielekeza kwa kidevu. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapita mwembe, nikafika kwenye sanduku la bati lenye kufuli, juu ya ukuta ambao mtoto haufikii. Nikaonyesha kwa kidole, na nikakiacha kidole pale mpaka nilipohakikisha ameona.